Mukwe wangu alifuta arusi za Buyenzi nzima kwenye seva yangu ya muziki, akabakiza ya kwake

Wakuu, salama kwenu wote, mulio na umeme saa hii na munaosoma gizani kwa mwanga wa simu.

Mi ni musomaji wa zamani humu. Huwa napita tu, nasoma mambo ya Linux, nacheka na ugomvi wenu, naenda zangu. Leo nimekasirika, kwa hiyo leo nitaandika. Haya yamenitokea mi mwenyewe, hapa Buyenzi, Bujumbura, na nikiongeza hata neno moja la uongo batri yangu ivimbe.

Munisamehe Kiswahili. Chetu hiki kimepita mikono mingi. Na shule niliiacha mapema, mwalimu alikuwa anapiga kuliko kufundisha. Nikaona kama ni kupigwa, bora nipigwe na umeme kwa fundi, angalau nitoke na kazi.

Nikatoka na kazi. Umeme wa magari. Alternator, starter, taa, honi. Nimefanya mpaka macho yamechoka. Siku hizi nakaa kwenye baraza yangu, vijana wa garaji wanakuja kuniuliza gari inakula batri kwa nini, nawaambia fungueni redio muone, wanakuta kweli ni redio.

Turudi.

Marehemu muke wangu alikuwa anaitwa Mwajuma. Hakuna arusi ya Buyenzi aliyokosa. Yeye ndiye alikuwa anaimbisha wanawake.

Hapa kwetu bibi arusi akitoka nyumbani kwao kuna wimbo wa kumutoa. Tunauita Aga Nyumba. Sauti ni ile ile, kiitikio ni kile kile, tangu mama zetu. Mutu wa mbali akisikia arusi mbili atasema ni wimbo mumoja. Na ni mumoja kweli.

Lakini katikati, matari yakishuka chini, anayeimbisha anataja watu. Bibi arusi ni nani, baba yake nani, babu nani, nyanya nani, walitoka Ujiji ao Uvira ao Rumonge, walikuja kufanya nini, walijenga wapi. Bwana arusi akija bila muimbishaji wake, watu wake wanatajwa kwanza, kwa sababu ni wageni; kisha wa bibi arusi, upande wa baba, halafu upande wa mama. Hiyo ndiyo arusi yenyewe. Pilau ni chakula tu.

Mwajuma hakujua kusoma. Wiki ya arusi alikuwa anaenda kwenye nyumba ile, anakaa na bibi wa nyumba, wanachambua muchele, anauliza polepole. Akirudi kichwa kimejaa. Maana ukisahau mujomba mumoja kwenye wimbo, mujomba anabeba kiti chake anaondoka, na ule ugomvi utaukuta unakungoja kwenye matanga.

Mi nilikuwa narekodi. Nilifunga radiokaseti kwenye batri ya gari, naiweka nje ya ua wa wanawake, waya wa maikrofoni unapita chini ya turubai. Kwa hiyo nilikuwa na kaseti za arusi za kartye nzima, mutaa wetu wote. Mutu akitaka kusikia ya kwake alikuwa anakuja, anakaa, analia kidogo, anakunywa chai, anaenda.

Sasa mukanda wa kaseti ukizeeka, wakuu, ni kama muzee mwenye kifua. Unaacha unga kwenye kichwa cha radio, unajikunja, unakatika. Nilikuwa naona Mwajuma ananiponyoka mara ya pili.

Hapo ndipo anaingia mukwe.

Jina lake Idrisa. Ameoa binti yangu Rehema. Anakaa Kinanira kule juu, anafanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja ya Kigobe. Siwezi kumudhulumu mutu: boksi ni yeye aliniletea. Kakompyuta kadogo kama sabuni ya kipande, ndani kuna Linux, pembeni unachomeka fulashi kubwa yenye nyimbo. Haina kioo, haina feni, haina kelele. Mutu akiwa karibu na baraza yangu anaunga simu yake kwa wifi ya boksi, anachagua wimbo, anasikiliza. Haili hata bando.

Na umeme? Hapo niliwaonyesha na mi kazi yangu. Umeme wa nyumbani unajua wenyewe unakuja lini. Nikachukua batri ya taksi iliyochoka kidogo, nikaweka pano ndogo ya jua juu ya bati, nikafunga soketi ya sigareti ya gari, nikachomeka chaja ya simu ya kwenye gari. Boksi ikawaka. Nikaipima: inakunywa kama kataa kadogo ka parking. Taa ya breki inakunywa kuliko boksi! Kartye nzima giza, kwangu arusi inaendelea.

Nikaanza kuhamisha kaseti. Idrisa aliniwekea kompyuta ya zamani na waya, akanionyesha. Akaniambia hivi, na maneno yake ninayo mpaka leo: "Baba, hapa unaandika jina la wimbo. Hapa jina la mwimbaji."

Mi nikaandika jina la wimbo. Aga Nyumba. Nikaandika jina la mwimbaji. Mwajuma.

Kaseti ya pili: Aga Nyumba, Mwajuma.

Ya tatu vilevile. Zote vilevile. Si ndivyo nilivyoambiwa? Kutofautisha, nilijua kwa kufuata foleni: ya kwanza ni ya kina fulani, inayofuata ni ya kina fulani, kama magari kwenye garaji, fundi haandiki, fundi anajua.

Kaseti nyingi ziliimba mara ya mwisho siku ile ya kuingia kwenye boksi, kisha zikafa. Mukanda ulikatika mikononi mwangu. Sikujali, kwa sababu sauti ilikuwa imeshaokoka.

Najua munachotaka kuandika huko chini. Bakapu iko wapi, muzee? Ngojeni. Mi nilidhani boksi ndiyo bakapu ya kaseti.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo jambo lilipoharibika, na halikuharibika kwa sababu ya Linux.

Kwetu baba mukwe na mukwe hawazoeani. Akiingia anakaa pembeni ya mukeka, anaangalia chini. Mi naangalia mulango. Tunaulizana afya, tunaulizana mvua, basi. Neno zito haliendi mudomo kwa mudomo, linapita kwa mushenga, yule aliyekuja kuposa. Na mukwe akijitolea kufanya kitu nyumbani kwako, humukatalii. Kumukatalia ni kumwambia mukono wako ni muchafu.

Siku ya pili ya Idi wakaja kutuamkia. Rehema yuko jikoni na shangazi zake. Idrisa kwenye mukeka. Mi naangalia mulango.

Akasema, "Baba, boksi imeanza kujaa. Naweza kuisafisha kidogo?"

Kusafisha! Mi nilidhani vumbi. Wallahi nilidhani anataka kupuliza vumbi, pale karibu na pano kuna vumbi sana. Na hata kama nisingedhani vumbi, ningesema nini?

Nikasema, "Boksi ni yako, mwanangu."

Hiyo ni adabu. Mutu akisifu kikombe chako unamwambia kikombe ni chako, habebi kikombe. Huyu alibeba.

Akachomeka kompyuta yake, akabonyezabonyeza, tukala, wakaenda. Aliniambia kwa kuaga, "Baba, sasa iko safi, na nimekuongezea muziki ya kupumzikia." Nikashukuru. Nikamuombea dua! Mi mwenyewe, kwa kinywa changu.

Siku zikapita. Sikuigusa, nilikuwa na homa.

Alasiri moja akaja Mama Zaina, jirani yangu wa nyumba ya pili. Alikuwa na Shani, yule musichana anayeimbisha siku hizi. Shani ana sauti nzuri, sipingi, lakini majina hayajui. Zaina alikuwa anaolewa karibuni, na Mama Zaina alitaka wimbo wa arusi yake yeye mwenyewe, ili Shani ajifunze majina ya nyumba ile.

Niwaeleze kwa nini lilikuwa jambo kubwa. Mama Zaina alilelewa na nyanya yake, mama yake alikufa mapema. Upande wa mama yake haujui wote. Aliyeujua ni ile nyanya, na nyanya alimwambia Mwajuma wiki ile ya muchele, kisha nyanya naye akaenda. Hakuna mahali pengine duniani watu wale wametajwa kwa pamoja. Walikuwa kwenye kaseti, kisha kwenye boksi.

"Bila ile," akaniambia, "mutoto wangu atatoka nyumbani kama mutu aliyeokotwa njiani. Na wale wa upande wa bwana wanakuja na muimbishaji wao, wanangoja tu wasikie tutaishia wapi."

Nikamwambia, "Kaa, Mama Zaina. Hiyo ni kazi ya kubonyeza."

Akabonyeza. Mwajuma akaanza. Mama Zaina akafunga macho, akatabasamu. Matari yakashuka. Majina yakaanza.

Akafungua macho.

"Baba Rehema, huyu babu wa Kinanira ni babu yangu tangu lini?"

"Hiyo ni arusi ya Rehema. Bonyeza ingine."

"Ingine iko wapi?"

"Chini yake."

"Chini yake kuna piano."

Nikachukua simu. Nikavaa miwani. Aga Nyumba, Mwajuma: mumoja tu. Na huo mumoja ni wa arusi ya binti yangu, yaani wa Idrisa, baba yake Idrisa, babu yake Idrisa, na duka la babu yake Idrisa. Chini yake piano, piano, piano, kama uko hotelini unangoja mutu asiyekuja.

Mama Zaina akasimama. Akafunga kanga vizuri.

"Kwa hiyo Buyenzi yote tumekufa," akasema, "wamebaki wakwe zako."

Akaenda. Shani akamufuata, hata kwaheri hakusema, alikuwa anaficha kicheko.

Wakuu, Buyenzi watu wanatembea kwa miguu, na habari inatembea nao. Kabla ya magharibi nilikuwa nimeshauza kartye. Kwenye garaji: "Muzee, tumesikia boksi imehamia Kinanira!" Msikitini, wakati wa kuvaa viatu, mutu ananiambia, "Baba Rehema, na mi nitaje basi, nitakuletea kuku." Mutu mwingine anamujibu, "Kuku haitoshi, mupe binti yako aolewe juu."

Wanacheka. Mi ninacheka nao, ndani ninachemka kama redieta isiyo na maji.

Mutasema, muzee, si umupigie simu Idrisa? Nimupigie nimwambie nini? "Mukwe, umefuta"? Hilo ni neno zito. Nimupigie Rehema? Apana. Mutoto wa kike humuweki katikati ya baba na bwana yake, atakatika kama ule mukanda.

Nikaenda kwa mushenga.

Mushenga wetu ni Muzee Sefu, anauza vipuri, ana duka la vioo vya magari. Kompyuta hajawahi kugusa. Nikamueleza: faili, fulashi, seva. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sijaelewa kitu, lakini nimeona umeumia. Nitapanda."

Akapanda Kinanira. Na kwa kuwa hakuelewa kitu, alisema maneno ya mushenga, yale yale yanayosemwa siku zote. Alimwambia Idrisa: "Nimetumwa na baba wa binti. Kuna jambo la nyumbani limeharibika, na wa mwisho kulishika ni wewe."

Mutu aliyeoa akisikia maneno hayo, wakuu, anafikiri nini?

Kesho yake alasiri Idrisa anaingia kwangu na baba yake mudogo, amevaa kanzu, amebeba pakiti ya sukari, jasho linamutoka. Rehema nyuma yao, uso umevimba kwa kulia, hajui kwa nini wamekuja. Muzee Sefu kwenye kiti katikati. Mi naangalia mulango.

Baba mudogo akaanza hotuba. Kwamba vijana ni vijana. Kwamba nyumba hazikosi moshi. Kwamba kama kijana ametoa mukono, basi ukoo uko tayari kuinama...

Rehema akaruka: "Nani amenipiga?"

"Tunasema kama."

"Kama nini? Baba, nani amekwambia nimepigwa?"

Muzee Sefu akainua mukono. "Si binti," akasema. "Ni boksi."

Idrisa akaangalia boksi. Akaangalia batri. Kisha, wakuu, akacheka! Kicheko cha mutu aliyetoka kwenye maji. Baba mudogo naye akacheka. Rehema akacheka huku analia. Mi peke yangu sikucheka.

"Ah, Muzee Sefu," Idrisa akasema, "mwambie baba, zile zilikuwa ma-duplicata tu. Wimbo ule ule umejirudia. Kuna programu inaangalia jina la wimbo na jina la mwimbaji. Zikifanana inaacha ile yenye sauti safi, zingine inatoa."

Na yenye sauti safi ilikuwa ya arusi yake, kwa sababu ile peke yake ilirekodiwa kwa simu. Zingine zote zilikuwa na mvua ya kaseti, ile kelele ya mukanda uliozeeka.

Niko mbele yake, wakuu, hatua mbili tatu. Lakini nikasema na Muzee Sefu.

"Muzee Sefu, muulize. Nani aliniambia niandike jina la wimbo hapa na jina la mwimbaji hapa?"

"Anauliza nani alimwambia."

"Ni mimi," Idrisa akasema.

"Muulize tena. Msikitini kuna watu wengi wanaitwa Ramadhani. Tumuache yule mwenye kanzu safi, wengine tuwatupe?"

Muzee Sefu hakurudia. Akamuangalia tu. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kila moja ina watu wake ndani," Muzee Sefu akamwambia. "Si wimbo, ni watu. Umetoa watu, umeweka piano."

Hapo aliacha kutabasamu. Rehema akamwambia taratibu, "Idrisa, kwenye zile na mama alikuwa anaimba." Mukwe wangu akainamisha kichwa mpaka nikaona utosi wake. Amezaliwa Kinanira, kwao arusi wanakodi spika. Hakujua. Lakini kutojua si ndiyo sababu ya kuuliza? Na mi sikumwambia, kwa sababu ya adabu. Yeye hakuniuliza, kwa sababu ya adabu. Tumeheshimiana mpaka tumezika kartye!

Kisha Idrisa akasimama. "Muzee Sefu, mwambie baba asiweke kitu kingine humo. Hata wimbo mumoja. Faili ikifutwa haiondoki palepale, nafasi yake ndiyo inaachwa wazi. Ukiweka kitu juu yake ndiyo inakufa kweli."

"Na wewe ulipoweka piano?" nikauliza.

Nilimuuliza yeye. Nilisahau kupitia kwa Sefu. Baba mudogo akakohoa.

"Baba," akasema akiangalia mukeka, "zilizokuwa chini ya piano sijui kama zitarudi."

Nikanyoosha mukono nichomoe waya wa batri, na yeye akapiga kelele, "Apana, baba! Hivyo apana! Zima kwanza!" Mukwe ananipigia kelele nyumbani kwangu. Rehema akaziba mudomo. Na mi nikatii, kwa sababu alikuwa na haki: mashine ya Linux unaiambia ilale, ikilala ndiyo unachomoa. Hata gari huitoi batri injini ikizunguka.

Akaondoka na fulashi. Kule kwake aliweka programu inayopekua vilivyofutwa, na safari hii, Rehema ananiambia, alinakili kwanza fulashi nzima kwenye diski ingine kabla ya kugusa. Kwanza ananakili! Sasa ndiyo ananakili!

Ijumaa baada ya swala akarudi. Faili zimetoka, si zote. Na zimetoka bila foleni, zina majina ya namba ndefu kama namba za shasi. Ukifungua ndani: Aga Nyumba, Mwajuma. Aga Nyumba, Mwajuma. Foleni yangu imekufa. Mi mwenyewe sikujua tena ipi ni ya nani, na mukwe ndiyo kabisa.

Muzee Sefu akasema neno moja la maana siku ile. "Waite wenyewe."

Wakaja. Wanawake wa Buyenzi, wakubwa kwa wadogo, wakajaza ua. Wamekuja wamenuna, wengine wamekuja kunicheka, lakini wamekuja. Boksi kwenye meza, spika ya taksi nimeifunga kwenye kopo la rangi, batri chini. Idrisa anabonyeza. Mwajuma anaimba.

Matari yakishuka tu, makelele:

"Hiyo ya kina Mariamu! Sikia, babu mushona kofia!"

"Wapi! Mushona kofia ni babu yetu!"

"Nyamazeni, anataja mama... ee, ni ya Mariamu."

"Si niliwaambia."

"We uliambia nani, ulikuwa hata haujazaliwa."

Idrisa anaandika jina la nyumba kwenye ile faili, anabonyeza ingine. Kila ikitajwa nyumba anauliza, "Na jina la babu linaandikwaje?" Wanamusahihisha wote kwa pamoja, wanamuita "mwana wa piano". Bibi mumoja alilia akasema huyo anayekohoa kwenye kaseti ni bwana yake marehemu, tumurudishie kikohozi. Tukamurudishia kikohozi. Mara mbili.

Mama Zaina alikaa mbele kabisa. Zikapita nyingi. Kila moja ikianza anainua kichwa, majina yakianza anakishusha. Zaina mwenyewe alikuwa ameketi nyuma yake, amemushika bega.

Zilipobaki chache, Idrisa akabonyeza moja iliyokatika. Haikuwa na mwanzo. Mwanzo uliliwa na piano. Inaanzia katikati, Mwajuma anavuta pumzi, kisha: "... na upande wa mama..."

Mama Zaina akasimama.

Ilikuwa ni yake. Upande wa baba haukuwepo tena hata jina moja, lakini upande wa baba unajulikana, baba wadogo na mashangazi wamejaa mutaa huu. Upande wa mama ulikuwepo wote. Mama aliyekufa mapema. Mama ya mama, wa Rumonge. Mama yake huyo, aliyevuka ziwa na kikapu na mutoto mugongoni. Mwajuma anawataja mumoja mumoja bila haraka, kama mutu anayewagawia chai.

Mama Zaina hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akamugeukia mukwe wangu.

"We mwana wa piano. Beba boksi na batri yake, uje kwangu. Utakaa kwenye mulango wa ua, pale penye viatu, utamupigia Shani wimbo huu mpaka aushike. Na wewe utaushika."

Batri ya gari, wakuu, na shati la ofisi. Aliibeba. Asidi ilimutoboa shati. Akakaa penye viatu alasiri baada ya alasiri, akitoka kazini Kigobe anapitia pale kabla ya kupanda kwake. Shani anakosea, Mama Zaina anasema rudisha, Idrisa anarudisha. Mwishowe yeye ndiye alikuwa anamusahihisha Shani: "Apana, wa Rumonge kwanza."

Arusi ikafika. Mi na radiokaseti yangu ya zamani hatukuitwa, siku hizi kila mutu ni simu. Nilikaa nje ya turubai kwenye kiti changu. Wale wa upande wa bwana walikuja na muimbishaji wao, mwanamuke munene, sauti kama honi ya lori, akamaliza watu wake akakunja mikono anangoja.

Shani akaingia. Upande wa baba, wote. Matari yakashuka tena. Upande wa mama: wa kwanza, wa Rumonge, yule wa kikapu. Hakuruka mutu. Yule wa honi akakunjua mikono.

Kisha Shani akaongeza mustari ambao haukuwa kwenye faili, sijui aliutoa wapi:

"Na kama sisi tumesahau, Mwajuma hakusahau."

Vigelegele. Mi nilijifanya natengeneza waya wa taa pale kwenye nguzo. Ile taa haikuwa na shida yoyote.

Idrisa alikuwa amesimama karibu, amerekodi kwa simu yake. Akaja akasimama mbele yangu, hakukaa pembeni, hakuangalia chini sana.

"Baba, hii nayo niiweke kwenye boksi?"

Sikumutafuta Muzee Sefu.

"Weka," nikamwambia. "Na ukikuta inafanana na zingine, we acha zifanane."

Basi, wakuu, hasira ninayo bado. Kuna nyumba ambazo arusi zao hazikurudi, na nikipita mbele ya milango yao navuta kofia yangu mpaka machoni. Hizo hakuna programu itakayozitoa chini ya piano. Piano nimemwambia azitoe. Amezitoa, amenionyesha moja moja kabla ya kufuta, na kila moja nimesema ndiyo kwa mudomo wangu.

Nilichojifunza ni hiki, cha mutu asiyesoma. Kitu kikiwa mahali pamoja tu, hukuwa nacho, ulikuwa umekiazima. Sasa nyimbo ziko kwenye boksi, ziko Kinanira, na Muzee Sefu amepewa fulashi, anaiweka kwenye droo ya vioo vya magari, haijui ni nini lakini anailinda. Na kila faili sasa ina jina la nyumba, si jina la wimbo tu. Na mutu akikwambia anataka kukusafishia, awe mukwe, awe nani, muulize atatoa nini. Adabu iko kwenye salamu. Kwenye kufuta, uliza.

Wajuzi wa humu nina swali: kuna namna ya kuifunga ile fulashi iwe ya kusoma tu, mutu asiweze kufuta bila mi kukubali? Idrisa anasema ipo, lakini nataka nisikie na kwa wengine kwanza, munanielewa. Na nyinyi kwenu, bibi arusi akitoka nyumbani, watu wake wanatajwa na nani, na majina yao mumeyaweka wapi? Andikeni hapo chini. Nasoma yote, hata matusi, batri imejaa.